Mkono wa kushoto wa fundi cherehani: uchambuzi wa kisa kimoja cha kiharusi, Moshi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea kwenye miteremko ya juu ya mji wa Moshi. Mgonjwa, mumewe na binti yao wameridhia nikiandike. Kwa makubaliano yetu nimeondoa majina, kijiji, tarehe na mambo mengine machache ambayo jirani angeyatambua. Mgonjwa nitamwita Fundi, maana ndivyo alivyoitwa na kila mtu miaka yote, hata na wajukuu zake. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Huku kwetu wanatuita madaktari wa mazoezi. Nawaandikia wenzangu wanaowafuata wagonjwa majumbani, pia wale wanaowauguza wazazi wao bila kuonyeshwa na mtu yeyote la kufanya.

Fundi na nyumba yake

Alikuwa na miaka 57. Kwa zaidi ya miaka 30 alishona kwenye baraza ya duka mjini, kwa cherehani ya kukanyaga: sare za shule Desemba na Januari, vitenge vya harusi na nguo za kipaimara miezi mingine. Vitambaa alinunua mwenyewe, na hakukubali pindo lililopinda hata kama mteja hakuliona. Alikuwa na presha kwa miaka kama minane, na dawa alikunywa siku ambazo kichwa kilimuuma.

Wengi hudhani kiharusi ni ugonjwa wa watu wa mjini wenye vitambi. Wilaya ya Hai, majirani zetu hapa, ilifanyiwa utafiti mkubwa pamoja na eneo la Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006. Baada ya kusawazisha umri, viharusi vipya kwa mwaka vilikuwa 108.6 kwa kila watu 100,000 huko Hai, na 315.9 Dar es Salaam. Dar walizidi sana, lakini mlimani nako si kudogo.

Asubuhi ile kitambaa kilianza kumteleza mkono wa kushoto, akadhani amekilaza vibaya mezani. Alipoinama kukiokota hakuinuka. Kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, kilionyesha mshipa ulioziba upande wa kulia wa ubongo. Amri ya kuinua mkono wa kushoto hutoka upande huo wa kulia, hushuka, huvuka upande kwenye shina la ubongo, kisha huteremka na uti wa mgongo mpaka kwenye misuli. Misuli ya Fundi ilikuwa salama. Iliharibika sehemu ya mahali amri inapoanzia.

Wiki saba kabla sijafika

Alilazwa siku 6. Alitoka na dawa za presha, za kuzuia damu kuganda, na neno moja: afanye mazoezi. Mazoezi gani, mara ngapi, nani amwangalie, hakuna aliyesema. Nimesikia habari hii kwenye nyumba nyingi mno, na kila mara inaniuma.

Familia ikafanya kile ambacho mapenzi huelekeza. Binti, ambaye ni msusi, aliacha kiti chake saluni akapanda kijijini kumuuguza mama. Alimlisha, alimvisha, alimfunga kanga, alimshikia kikombe. Mzee alimchua mkono kila jioni kwa mafuta ya uvuguvugu. Mpwa mmoja alileta mpira laini wa kuminya, na Fundi aliuminya mara mia asubuhi na mara mia jioni bila kukosa siku hata moja. Alipoinuliwa kitandani, alivutwa kwa mkono uleule uliolegea.

Nilipoitwa, wiki saba zilikuwa zimepita. Mguu ulikuwa umeamka, anatembea na fimbo. Mkono ulikuwa umejikunja mapajani kama kitu kilichosahauliwa. Hapa kuna jambo nilipaswa kulifikiria zaidi tangu siku ile. Choo cha nyumba ile kiko nje, hatua kama 25, na Fundi alikataa katakata kuwekewa ndoo chumbani. Kwa hiyo mguu ulikwenda kazini mara sita au saba kwa siku, utake usitake. Mkono haukuwa na pa kwenda. Ni kweli kwamba baada ya kiharusi kutembea mara nyingi hurudi kabla ya ufundi wa vidole, hata kwa wagonjwa wengine, kwa hiyo choo pekee hakielezi yote. Lakini kinaeleza kitu.

Siku ya kwanza: nilichopima

Nilikaa naye jikoni, mahali anapopenda kukaa. Kifundo cha mkono aliweza kukiinua kidogo, kama nyuzi 15. Vidole vilifunguka robo tu, halafu vikarudi kujikunja. Bega lilikuwa limeshuka kidogo na linauma, nami nikaomba siku hiyohiyo mtu asimvute tena mkono. Ashikwe kiunoni au kifuani.

Vifaa vya hospitali sikuwa navyo, nikatengeneza kipimo changu: bakuli mbili na vizibo vya soda. Kwa dakika moja, mkono wa kushoto uhamishe vizibo vingapi kutoka bakuli moja kwenda jingine? Alihamisha 4. Wa kulia 43.

Nikamuuliza, "Mama, ukiwa peke yako, mkono huu unautumia kwa lipi?"

Akautazama kwa huruma. "Huu? Huu nimeupumzisha, mwanangu. Unaumwa."

Dakika chache baadaye, tukizungumza habari za mvua, kanga ilimteleza begani. Mkono wa kushoto ukainuka, ukaidaka, ukairudisha. Hakuna aliyeona, hata yeye. Nikamwambia, akakana. Binti akasema, "Kweli mama, umeishika." Fundi akautazama tena ule mkono, sasa kwa namna nyingine.

Kwa ajili ya wenzangu: tulichokiona jikoni pale kina historia ndefu. Mtafiti wa Marekani, Edward Taub, aliwafanyia tumbili upasuaji uliokata neva zinazoleta hisia kutoka mkono mmoja. Tumbili wakaacha kuutumia mkono huo kabisa, ingawa neva za kuuamuru zilikuwa nzima. Alipofunga ule mkono mzuri, wakaanza kuutumia uliokatwa hisia. Alifikiri kwamba siku za mwanzo mnyama hujaribu, hushindwa, huumia, kisha hujifunza kutojaribu. Na funzo hilo hubaki hata uwezo unaporudi. Kwa Fundi mazingira yalilisaidia funzo hilo liote mizizi: mkono wake wa kulia ndio wa mkasi na kijiko, na wa kushoto ulikuwa na watu watatu wa kuufanyia kazi.

Kuacha mpira

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuuweka mpira kando. Haikuwa rahisi kuusema mbele ya mtu aliyeuminya mara 200 kwa siku kwa imani. Lakini kuminya alikuwa nako tayari. Mkono ulishinda umekunjwa. Kilichokosekana ni kufungua, kupokea, kushika kwa wepesi na kuachia. Huwezi kujifunza kuachia kwa kukaza.

Kuchua sikukukataza. Mzee alipenda kumchua mkewe, na mkewe alipenda kuchuliwa. Nilichosema ni kwamba wakati huo wa jioni usihesabiwe kuwa zoezi, kwa sababu mkono unapochezeshwa na mtu mwingine, sehemu ya ubongo inayopaswa kutoa amri haitoi amri yoyote.

Mzee hakuridhika mpaka nilipotumia mfano wake mwenyewe. Amekuwa mtu wa zamu za mfongo tangu ujana, mifereji ile ya wazee inayoteremsha maji ya mlimani kwenye vihamba, mashamba yetu ya nyumbani. Nikamuuliza, "Mzee, ardhi ikiporomoka ikaziba mfongo, mnafanyaje?" Akasema wanatafuta njia ya pembeni, wanachimba, wanapitisha maji kidogokidogo. "Na msipopitisha maji?" "Majani yanaota, unaziba nao." Akanyamaza. Kisha akamwambia binti, "Mletee mama yako kitambaa."

Kisayansi hakuwa mbali na ukweli. Seli za ubongo zilizokufa hazifufuki. Zilizosalia pembeni hubadilika: miunganiko kati ya seli huimarika inapotumika pamoja na hudhoofika inapoachwa. Mwaka 1996 Randolph Nudo na wenzake walichapisha matokeo yao kuhusu tumbili wadogo walioumizwa sehemu ndogo ya ubongo inayoongoza kiganja. Wasiofanyishwa kazi walipoteza hata sehemu jirani iliyokuwa nzima. Waliofunzwa kutoa chakula kwenye vishimo vidogo kwa kiganja kile waliihifadhi, na kwa baadhi yao eneo la kiganja lilisambaa likaingia sehemu zilizokuwa za kiwiko na bega.

Tukapanga kazi tatu, zote za kitambaa: kulainisha kipande cha kitenge mezani kwa kiganja kilichofunguka, kushika pindo kati ya dole gumba na kidole cha shahada na kulivuta mbele, kuchukua kibanio cha nguo na kukiachia kwenye kikapu. Hesabu yetu ilikuwa marudio, si dakika. Mwaka 2009 Catherine Lang na wenzake walichapisha hesabu yao ya kinachofanyika kweli kwenye vipindi vya tiba baada ya kiharusi, na wakakuta mazoezi ya mkono yenye kazi halisi yalikuwa wastani wa marudio 32 tu kwa kipindi. Kwenye majaribio ya wanyama, ambako ubongo ulionekana kubadilika, marudio yalikuwa mamia. Nikaweka lengo la 200 kwa siku, yakigawanywa mara nne, na mapumziko katikati. Binti alihesabu kwa punje za maharage: kila marudio kumi, punje moja kwenye sufuria.

Glavu, na ugomvi

Wiki ya pili niliongeza jambo gumu zaidi. Njia iliyotokana na kazi ya Taub humfungia mgonjwa mkono mzuri ili mbaya ulazimike kufanya kazi. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2006 liliwahusisha watu 222 waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla. Waliopewa tiba hiyo walivaa glavu nene kwenye mkono mzuri kwa muda mwingi wa siku kwa wiki mbili, wakafanya mazoezi hadi saa 6 kwa siku ya kazi, na walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Saa 6 kijijini haziwezekani. Nikaamua saa 3: asubuhi moja na nusu, alasiri moja na nusu. Binti alishona glavu kwa mabaki ya kitenge, akaijaza sponji.

Siku ya nne dada mkubwa wa Fundi alikuja kumjulia hali. Akamkuta mdogo wake ana mfuko mkononi, anapambana na kijiko kwa mkono mbovu, uji umemwagika kifuani, na binti ameketi mbele yake hasaidii. Alilia. Kisha akamgeukia binti kwa maneno ambayo sitayaandika. Niliposhuka kwenye bodaboda kesho yake alinisubiri uani.

Nikamwamkia, "Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Mwanangu, huyu ni mgonjwa. Si mtoto wa kufundishwa kula."

Alikuwa na haki. Mimi niliomba ruhusa ya Fundi na mumewe nikaona inatosha. Kwa watu wetu mama mgonjwa ni wa ukoo mzima, na namna anavyohudumiwa ndiyo heshima ya binti yake mbele ya kijiji. Nilikuwa nimemwambia binti aketi, bila kumwambia mtu mwingine yeyote kwa nini ameketi. Majirani walikwisha kusema kwamba anamtesa mama yake, naye alibeba maneno hayo peke yake siku nne nzima.

Tulikaa jioni ile: mzee, dada mkubwa, shemeji wawili, binti, Fundi mwenyewe. Mzee ndiye aliyeeleza habari za mfongo, na alieleza vizuri kuliko mimi. Tulikubaliana kwamba kula kusiwe zoezi. Chakula alishwe au ale kwa mkono wa kulia kwa amani, na glavu ivaliwe kwenye kazi za mezani tu. Dada mkubwa akataka apewe kazi. Akapewa kuhesabu punje siku za Jumapili.

Kuteleza

Wiki ya tatu, mvua za masika, Fundi alitoka kwenda chooni na glavu ikiwa bado mkononi. Fimbo haikushikika. Aliteleza kwenye udongo, akaangukia mgomba, akachubuka kiwiko. Hakuvunjika. Kosa ni langu: nilisema "saa moja na nusu" bila kusema "umekaa". Tangu siku hiyo kanuni ikawa kwamba akisimama, glavu inavuliwa. Mjukuu mdogo ndiye aliyekuwa askari wa kanuni hiyo, na hakusamehe mtu.

Jambo jingine niliambiwa kwa kuchelewa. Wiki ya nne Fundi aliacha dawa za presha kwa sababu mkono ulikuwa unaamka, akaona mazoezi yanamtosha. Nilipima nikakuta 178 kwa 104. Alirudishwa kliniki kesho yake, na dawa zikaendelea kila siku.

Wiki ya sita: mkono ulipogoma

Vizibo vilipanda: 4, 7, 9, 14. Halafu vikasimama kwenye 14, siku baada ya siku. Fundi alilainisha kitambaa pale mezani kwa uzuri wa kupendeza. Lakini tulipomweka mbele ya cherehani, mkono ulijikunja ngumi juu ya kitambaa kilekile. Alivunjika moyo. Mimi pia niliogopa kwamba tumefika mwisho.

Nililala nikiliwaza, na asubuhi nikaona nilichokifanya. Tangu tuanze alikuwa akirudia miondoko mitatu, kwenye meza moja, kwa mpangilio uleule. Alikuwa stadi wa meza ile. Jaribio la zamani la Shea na Morgan, la mwaka 1979, lilionyesha jambo ambalo walimu wa michezo wanalijua: wanaofanya zoezi moja mfululizo kabla ya kwenda lingine huonekana bora wakati wa mazoezi, lakini wanaochanganyiwa hukumbuka zaidi baadaye na huweza zaidi mambo mapya. Ubongo unaporudia kitu kilekile huacha kutafuta. Ukibadilishiwa, unalazimika kuunda amri upya kila mara, na nadhani kuunda huko ndiko kulikotukosa.

Nikamwuliza binti, "Dada, wewe kazini kwako vidole vinafanya nini kutwa?" Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Akafunga vipande vitatu vinene vya kitambaa, rangi tatu, kwenye nondo ya dirisha, akaanza kusuka.

Fundi alijua kusuka mkia wa kawaida, basi. Binti alimfundisha wa nyuzi nne, ambao hakuwahi kuusuka maishani, halafu wa tano. Katika ususi ule mkono wa kushoto hauwezi kujificha nyuma ya wa kulia. Lazima ufunguke, upokee uzi, uushike bila kuubana, uuachie kwa wakati. Ukikaza, msuko unaharibika na unaona kwa macho yako. Tena hakuna namna ya zamani ya kurudia, kwa sababu haikuwahi kuwepo. Kazi nyingine tulizichanganya bila mpangilio: vibanio, pindo, kufungua kifuniko cha chupa, kuchambua maharage, kitambaa chepesi, kitambaa kizito, meza, paja, ukuta.

Wiki ile vizibo vilishuka hadi 11. Mzee alinipigia simu akiwa na wasiwasi. Nilimwomba avumilie siku kumi, nami moyoni niliomba hivyohivyo.

Nilichokuwa natumaini kilikuwa na msingi. Mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani, akiwemo Bogdan Draganski, walipiga picha za ubongo za vijana wasiojua kurusha na kudaka mipira mitatu kwa zamu. Baada ya miezi mitatu ya kujifunza, sehemu fulani za ubongo zinazohusika na kuona vitu vinavyotembea zilikuwa zimeongezeka ujazo. Walipoacha miezi mitatu, ongezeko lilipungua. Hao walikuwa wazima. Fundi alikuwa na jeraha, nami sikuwa na mashine ya kuona ndani. Nilikuwa na vizibo.

Matokeo

Wiki ya nane: 16. Wiki ya kumi na mbili tangu tuanze: 19. Miezi sita: 26. Mwaka mmoja: 24. Maumivu ya bega yaliisha karibu wiki ya tisa. Mwezi wa nane tangu tuanze alirudi barazani, nusu siku. Cherehani ilipandishwa juu ya vipande viwili vya mbao ili bega lisiinuke sana, na kitambaa anakiongoza kwa kiganja kilichofunguka. Januari iliyofuata alishona sare, chache kuliko zamani, kwa bei ileile.

Vitu viwili bado: bobini anaipachika kwa mkono wa kulia kwa tabu, na matundu ya vifungo hawezi. Hayo binti huyafanya jioni.

Uchambuzi

Nianze na kile nisichoweza kudai. Miezi ya mwanzo baada ya kiharusi ubongo hupona kiasi fulani wenyewe: uvimbe unashuka, sehemu zilizozimia bila kufa zinaamka. Nilianza wiki ya saba, kwa hiyo sehemu ya ule mpando kutoka 4 hadi 14 ingetokea hata kama nisingefika. Mpando kutoka 11 hadi 26 ulikuja baadaye na kwa mwendo mwingine, na huo nina ujasiri zaidi kuuhusisha na kazi. Hata hivyo huyu ni mtu mmoja, na bakuli zangu si mizani ya maabara.

Kwa maoni yangu, kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni uhitaji. Mguu uliponywa na njia ya chooni kabla sijajulikana nyumbani pale. Mkono ulianza kupona ulipopata kazi ambayo hakuna mtu mwingine angeifanya kwa niaba yake. Glavu ilisaidia, lakini glavu ni uhitaji wa kutengenezwa, na ulituletea uji kifuani na mchubuko kiwikoni. Ususi wa nyuzi tano ulikuwa na uhitaji ndani yake wenyewe. Leo ningeanza na kazi ya mikono miwili kabla ya kufikiria kumfunga mtu mkono mzuri, hasa mtu anayetegemea fimbo kwenye mteremko.

Hesabu ilifanya kazi pia, kwa sababu iliondoa mjadala. Kabla ya punje za maharage kila mtu alikuwa na maoni yake kuhusu kama mama amefanya vya kutosha. Baada ya punje, sufuria ilisema. Nimechukua desturi hiyo kwenye nyumba nyingine, na kwa mgonjwa asiyependa maharage tumetumia mbegu za maboga.

Kosa langu kubwa ni zile wiki za mwanzo za miondoko mitatu. Nilifurahia kupanda kwa vizibo nikasahau kuuliza kama uwezo ule unavuka kwenda mahali pengine. Ningepaswa kumweka mbele ya cherehani kila wiki tangu ya kwanza, hata kwa dakika mbili, ili nione mapema kwamba haukuwa unavuka. Kosa la pili, la familia, nimelieleza. Ugomvi ule ulikuwa wa kuzuilika kwa kikao kimoja cha jioni. Kuhusu presha: sasa naanza kila ziara kwa kuomba kuona pakiti ya dawa na kuhesabu vidonge vilivyobaki, kabla ya shughuli yoyote ya mkono.

Mfano wa mfongo ulitufaa, lakini ulinipotosha mahali pamoja. Maji hupita kwenye mfereji uwe umelala au uko macho. Mkono wa Fundi ulirudiarudia mpira mara 200 kwa siku kwa wiki saba bila kufungua njia yoyote mpya, maana akili yake ilikuwa mahali pengine; alisali rozari akiminya. Akisuka hakuweza kusali. Alisema hivyo mwenyewe, akilalamika kidogo. Kupita tu hakutoshi. Lazima mtu awepo, akosee, aone amekosea, ajaribu tena kwa namna nyingine, apumzike, alale.

Na binti. Kwa miezi alikuwa muuguzi wa mama yake, na kila alichomfanyia kilimwondolea mama kazi moja. Alipokuwa mwalimu wake wa ususi, mapenzi yaleyale yalianza kumpa mama kazi. Sikulipanga hilo, nilikuwa natafuta tu mtu anayejua vidole. Sasa, kila ninapoingia nyumba mpya, nauliza kila aliyeko anajua kufanya nini kwa mikono yake: kufuma, kusuka, kukoboa, kucheza bao, kupanga matofali.

Nilimtembelea mara ya mwisho baada ya mwaka mmoja na miezi miwili. Ameanza kuyadai matundu yake ya vifungo. Anasema binti anayafanya mapana. Tumeanza na kipande cha gunia na shazia, tundu kubwa la kupita kidole, mkono wa kushoto ukishikilia ukingo usifumuke. Juma lile alishona manane. Matano binti aliyafumua, na mama akayarudia.